Maisha ya Bibi Florence Nightingale, Muuguzi Aliyeweka Daftari

Ni desturi ya kitabu hiki cha taarifa ya mwaka kwamba, baada ya hesabu za fedha na orodha ya wanachama, zitolewe habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye mwenendo wake wafaa kuigwa. Mwaka huu Halmashauri imeniagiza mimi, karani wa chama, niandike habari za Bibi Florence Nightingale, ambaye uuguzi wa siku hizi wahesabiwa kuwa ni kazi ya mikono yake.

Nimemchagua kwa sababu. Katika mkutano mkuu uliopita nilisoma mbele ya wanachama fedha zote tulizotumia kwa ajili ya wagonjwa wetu wa hapa Samburu: nauli za kuwapeleka hospitali za Kinango, Msambweni na Mombasa, mablanketi, sabuni, na posho ya wanaowatunza. Hesabu ilikuwa sawa hata senti ya mwisho, na watu wakapiga makofi. Ndipo mama mmoja wa makamo akasimama nyuma, akataka kujua katika wagonjwa hao ni wangapi waliopona. Nikafungua daftari langu, nikapekua kurasa, nisipate la kumjibu. Tangu siku ile sikutulia moyoni, na nilipoanza kusoma habari za Bibi Nightingale niliona kwamba swali la mama yule ndilo alilouliza bibi huyu maisha yake yote.

UTOTO NA WITO WAKE

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, katika mji wa Florence nchini Italia, wazazi wake walipokuwa safarini, akapewa jina la mji huo. Baba yake alikuwa tajiri mwenye mashamba na majumba mawili makubwa huko Uingereza. Aliwafundisha binti zake mwenyewe nyumbani, Kigiriki na Kilatini, historia na hesabu, elimu ambayo wasichana wa siku zile hawakuipata kwa urahisi. Florence alipenda hesabu kupita yote.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 aliamini kwamba Mungu alimwita afanye kazi yake, ila hakujua ni kazi gani. Miaka ilipopita akatambua kuwa ni kuwauguza wagonjwa. Mwaka 1845 aliomba ruhusa aende kujifunza katika hospitali ya Salisbury, karibu na kwao. Wazazi wake wakakataa katakata. Wala tusiwalaumu upesi, maana hospitali za Uingereza wakati ule zilikuwa mahali pa uvundo na vifo, na wengi wa wanawake waliotumika humo walikuwa hawakufundishwa lolote, na wengine walikuwa walevi. Mzazi mwenye heshima hakuweza kumtoa binti yake aende huko.

Florence hakugombana nao, wala hakuiacha nia yake. Alfajiri, kabla watu wa nyumbani hawajaamka, alikuwa akisoma taarifa za hospitali na za afya ya watu, akiandika hesabu zake katika madaftari. Akamkataa mchumba aliyemngoja miaka mingi, kwa kuwa aliona ndoa ingemfunga. Hatimaye mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 31, alipata ruhusa ya kukaa miezi mitatu Kaiserswerth nchini Ujerumani, ambako mchungaji mmoja na mkewe walikuwa wakiwafundisha wanawake uuguzi. Mwaka 1853 akawekwa kuwa msimamizi wa nyumba ndogo ya wagonjwa wanawake jijini London. Alipofika tu alitaka maji ya moto yapande kwa bomba hata ghorofa za juu, na chakula kiinuliwe kwa mashine, ili wauguzi wasimalize nguvu zao katika ngazi, bali wazitumie kwa wagonjwa.

VITA VYA KRIMEA

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Uturuki kupigana na Urusi, na mapigano makubwa yakawa katika rasi ya Krimea. Askari wa Kiingereza waliojeruhiwa au kuugua walivushwa kwa meli katika Bahari Nyeusi mpaka Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, wakalazwa katika jengo kubwa lililokuwa kambi ya askari wa Kituruki. Magazeti ya London yalipotangaza jinsi walivyokuwa wakiteseka, watu walighadhibika. Waziri aliyehusika na fedha za jeshi, Sidney Herbert, alimfahamu Bibi Nightingale, akamwomba aende na wauguzi kwa gharama ya serikali. Aliondoka pamoja na wanawake 38, akafika Scutari tarehe 4 Novemba, 1854.

Alilolikuta halielezeki kwa urahisi. Wagonjwa walilala sakafuni katika njia za ndani zenye urefu wa maelfu ya futi, wengine wakiwa na nguo zile zile walizotoka nazo vitani, zimegandamana na damu. Hapakuwa na mabeseni ya kutosha, wala sabuni, wala taulo. Panya walipita kati ya wagonjwa. Na madaktari wa jeshi hawakufurahi kuletewa wanawake. Siku za kwanza hawakuwapa kazi. Bibi Nightingale aliwazuia wauguzi wake wasiguse mgonjwa mpaka daktari aagize, akangoja. Majeruhi wa mapigano mapya walipomiminika, madaktari wenyewe wakamwita.

Alikuwa na fedha zilizochangwa na wasomaji wa gazeti moja la London, naye alizitumia kwa vitu vidogo. Alinunua brashi za kusugulia sakafu. Alikodi nyumba, akaweka mitungi mikubwa ya kuchemshia maji, akaajiri wake za askari wafue mashuka. Akafungua jiko la kupikia wagonjwa walioshindwa kula chakula cha jeshi. Usiku alipita na fanusi mkononi kuwatazama waliozidiwa, na asubuhi aliwaandikia barua za kwao wasiojua kuandika. Hapo ndipo lilipotokea jina lile la bibi mwenye taa, ambalo lilienea Uingereza nzima.

Lakini, wasomaji wapenzi, hapa ndipo habari zinazosimuliwa mashuleni huishia mapema. Pamoja na mashuka masafi, chakula chema na taa, askari waliendelea kufa. Wala si majeraha yaliyowaua zaidi, bali kipindupindu, kuhara damu na homa. Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 waliolazwa, walikufa 42 hivi. Maelfu ya watu walizikwa Scutari katika majira yale ya baridi, na bibi huyu akiwapo, akifanya kazi usiku na mchana.

Mwezi wa Machi serikali ilileta tume ya wataalamu wa afya. Hao waliingia chini ya jengo, wakakuta kwamba hospitali nzima imekaa juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba, na hewa yake yapanda ndani ya vyumba. Katika njia ya maji ya kunywa walikuta mzoga wa farasi. Wakazibua mifereji, wakasafisha njia ya maji, wakachukua uchafu kwa mikokoteni, wakapaka kuta chokaa, wakafungua madirisha. Kufikia mwezi wa Juni, waliokufa walikuwa kama 2 tu katika kila 100.

DAFTARI LAFUNGULIWA

Vita vilikwisha mwaka 1856. Bibi Nightingale alirudi kwao kimya kimya, akikwepa sherehe zilizoandaliwa, tena akiwa mgonjwa wa homa aliyoipata Krimea, ambayo ilimsumbua miaka mingi. Angeweza kupumzika na sifa zake. Badala yake aliishikilia serikali mpaka ikaunda tume ya kuchunguza afya ya jeshi, naye akakaa chini na Dakta William Farr kupitia hesabu za vifo. Bwana Farr alikuwa mtu wa madaftari kama mimi, akitumika katika ofisi ya serikali iliyoandikisha vizazi na vifo.

Mpaka wakati ule Bibi Nightingale alidhani askari wake walikufa kwa kuwa walifika wakiwa wamechoka mno na wenye njaa. Mwaka 1857 hesabu zilisema vingine. Hospitali ndogo za vikosi, kule mbele karibu na vita, ambazo hazikuwa na wauguzi wake wala fedha zake, zilipoteza watu wachache kuliko Scutari. Hospitali yake mwenyewe, aliyoitumikia hata karibu kufa, ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko hizo, kwa sababu ya mifereji ile ambayo hata yeye hakuijua.

Na tufikiri kidogo jambo hilo. Taifa zima lilikuwa likimwimba. Watu walikuwa wamekwisha kuchanga zaidi ya pauni 40,000 kwa heshima yake. Nani angemlaumu kama angelifunga lile daftari? Hakulifunga. Mwaka 1858 alitoa taarifa ya kurasa zaidi ya 800, akaziweka hesabu za Scutari wazi ndani yake. Na kwa kuwa aliwajua wakubwa kuwa hawapendi kusoma safu za tarakimu, alichora duara lililogawanywa kwa miezi 12, rangi ya buluu ikiwa ni vifo vya maradhi ambayo yangeweza kuzuiwa, nyekundu vifo vya majeraha, na nyeusi vifo vingine. Aliyeitazama picha ile aliona mara moja kwamba buluu imezimeza rangi nyingine. Mwaka huo huo Chama cha Takwimu cha London kilimpokea, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia humo.

SHULE YA WAUGUZI NA FOMU ZA HOSPITALI

Kwa zile fedha zilizochangwa, mwaka 1860 shule ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London. Ndiyo iliyoufanya uuguzi kuwa kazi ya kufundishwa na ya heshima, na wanafunzi wake waliitwa kwenda nchi nyingi kuanzisha shule kama hiyo.

Mwaka huo huo, wataalamu wa takwimu wa mataifa mbalimbali walipokutana London, aliwapelekea shauri kwamba hospitali zote zijaze fomu ya namna moja, kusudi ziweze kulinganishwa. Kila hospitali iandike wagonjwa iliowakuta mwanzo wa mwaka, iliowapokea, waliopona, waliopata nafuu, waliotoka bila kupona, waliokufa, na siku ambazo kila mgonjwa alikaa kitandani. Alikuwa akiona kwamba watu wema wanatoa sadaka kwa hospitali kila mwaka bila kujua kama sadaka hiyo inaponya au inaua. Hospitali kadhaa za London zilizijaribu fomu hizo, kisha zikaziacha kwa ugumu wake. Lakini shauri lenyewe halikufa. Siku hizi wataalamu wa afya husema kwamba thamani ya uuguzi ni kuyaweka mema aliyoyapata mgonjwa mbele ya fedha zilizotumika kuyapata.

Jaribio kubwa la ukweli wake lilikuja kwa wazazi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1860, fedha zake zilitumika kuwafundisha wakunga katika wodi ya uzazi ya hospitali ya King's College, London. Ilikuwa kazi aliyoipenda sana. Lakini wazazi wakaanza kufa kwa homa ya uzazi, na alipopiga hesabu aliona kwamba katika wodi ile walikufa 33 kwa kila wazazi 1,000, hali katika Uingereza nzima, ambako wengi walizaa majumbani mwao, walikufa 5 tu kwa kila 1,000. Mwaka 1867 wodi ikafungwa. Kisha akakusanya hesabu za nyumba nyingi za uzazi, akatoa kitabu mwaka 1871 kilichoonyesha kwamba mzazi masikini aliyejifungulia kibandani mwake alikuwa salama kuliko yule wa hospitali kubwa ambamo wagonjwa walichanganywa na mikono haikuoshwa. Ni watu wachache mno wanaoweza kuivunja kazi ya mikono yao wenyewe kwa sababu daftari limewahukumu.

MAPUNGUFU YAKE

Haifai kumwandika mtu kama kwamba hakuwa na kasoro. Kwa miaka mingi Bibi Nightingale aliamini kwamba maradhi huletwa na hewa chafu, akachelewa kukubali habari za vijidudu wataalamu walipozigundua. Bahati njema ni kwamba dawa yake, yaani maji safi, mikono safi na hewa safi, ilivifaa vyote viwili. Mwaka 1863 alichapisha orodha ya vifo vya hospitali za London ambayo haikupigwa kwa njia ya haki, maana vifo vya mwaka mzima viligawanywa kwa wagonjwa waliokuwamo siku moja tu, na madaktari wakampinga vikali. Hapo tunajifunza kwamba hesabu mbaya yaweza kudanganya kuliko kutokuwa na hesabu.

Tena katika vita vile vile alikuwako muuguzi mwingine, Bibi Mary Seacole, mzaliwa wa Jamaica, mwenye damu ya Kiafrika. Yeye alinyimwa nafasi London alipoomba kwenda pamoja na wauguzi, akasafiri kwa fedha yake mwenyewe, akajenga nyumba karibu na Balaklava mwaka 1855, akawatibu askari hata karibu na uwanja wa vita. Jina lake lilisahauliwa muda mrefu baada ya kufa kwake mwaka 1881, na ni haki yetu kulitaja hapa.

JINSI HABARI HIZI ZINAVYOTUHUSU

Bibi Nightingale hakupata kufika pwani yetu. Lakini aliyesaidiana naye sana katika mambo ya afya ya Bara Hindi alikuwa Sir Bartle Frere, Gavana wa Bombay tangu 1862 hata 1867. Tume aliyoihudumia bibi huyu ilikuta kwamba askari 69 katika kila 1,000 walikuwa wakifa kila mwaka huko. Baada ya kusafisha maji na kambi kwa miaka 10 hivi, walishuka mpaka 18. Huyo Frere ndiye aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kwa shauri la kukomesha biashara ya watumwa baharini, na kwa jina lake kikaitwa kijiji cha watumwa waliowekwa huru, Freretown, kilichoanzishwa Kisauni, Mombasa, mwaka 1875. Kila apitaye Kengeleni leo yupo mahali palipopewa jina la rafiki wa bibi huyu.

Kisha mwaka 1896 muuguzi mmoja wa Kiingereza, Bibi Katharine Timpson, aliondoka Mombasa pamoja na Dakta Albert Cook na wenzao, wakaishika njia ya misafara ipitayo nyika ya Taru, nyika hii yetu, mpaka Uganda. Mwaka 1897 hospitali ya Mengo ikaanzishwa, na baadaye Bibi Timpson, aliyeolewa na Dakta Cook mwaka 1900, akaanzisha pamoja naye shule ya wakunga wa Kiafrika. Mengo nayo iliweka daftari la kila mgonjwa kwa uangalifu mkubwa, hata wataalamu wa miaka ya 1960 waliweza kulifungua na kujifunza humo habari za maradhi ya saratani tangu 1897.

MWISHO WAKE

Miaka yake ya mwisho Bibi Nightingale aliishi chumbani, macho yamepofuka. Mwaka 1907 Mfalme wa Uingereza alimpa nishani kuu ya Order of Merit, ambayo hakuna mwanamke aliyepata kuipewa kabla yake. Alifariki tarehe 13 Agosti, 1910, mwenye umri wa miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe pamoja na wafalme, akalazwa East Wellow karibu na nyumba ya wazazi wake, chini ya jiwe lenye herufi mbili za jina lake na tarehe za kuzaliwa na kufa kwake tu. Siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliyashika maneno hayo katika fedha za chama, nikayasahau katika watu. Basi naomba Halmashauri ikubali kwamba tangu sasa, kando ya safu ya shilingi, daftari letu liwe na safu nyingine: mgonjwa aliyepelekwa, aliyerudi mzima, aliyerudi akiwa angali mgonjwa, aliyefariki, na siku alizokaa. Jina la mtu lisisomwe mkutanoni, ila idadi isomwe. Tena mmoja wetu amtembelee kila aliyerudi, atazame kama anayo maji safi ya kuoshea kidonda, maana katika nchi hii ya ukame dumu la maji laweza kuwa na thamani kuliko nauli yote tuliyolipa.

Huenda idadi hizo zikatuaibisha. Huenda tukaona kwamba fedha nyingi zilikwenda mahali pasipofaa, na kidogo mahali palipookoa. Hata hivyo nimekwisha kupiga mistari ya safu hizo kwa wino, na katika mkutano ujao, Mungu akipenda, nitamwomba mama yule aulize swali lake tena.